Nilitumwa Mokowe kunyamazisha pampu ya gari la kulala, nikaitilia samaki

Wakuu, habari za saa hizi.

Kwanza mnivumilie kwa mwendo wangu. Naandika kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kiliishia shule ya msingi. Nikimaliza sentensi moja, mjukuu wangu ameshakunywa chai na kuosha kikombe. Uzi huu umenichukua siku tatu.

Haya ninayoandika yalitokea. Ningekuwa natunga, amini ningejitungia nafasi nzuri kuliko hii niliyonayo humu ndani.

Juzi kijana mmoja kauliza hapa jukwaani: kanunua campervan, pampu ya maji inapiga kelele mpaka mkewe hataki tena kusafiri nayo, afanyeje? Mkamjibu mengi. Wengine mkamwambia auze gari. Mmoja kamwambia abadilishe mke.

Nikacheka peke yangu, maana kazi hiyo niliwahi kuifanya. Mara moja tu maishani. Ilikuwa miaka ya sitini ikielekea ukingoni, pale Mokowe, nami kijana wa miaka kumi na tisa hivi.

Niliifanya vibaya kiasi kwamba mtu asiye na kosa nusura apoteze mkate wake.

Nianze mwanzo.

Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu mjini. Ami yangu, ndugu wa baba, alikuwa na karakana chini ya nyumba yetu. Alitengeneza stovu za mafuta, taa za karabai, mashine za kushonea, na mara moja moja injini za boti. Mimi nilikuwa msaidizi wake.

Mikono yangu haikuwa mibaya. Tatizo lilikuwa mdomo.

Nilikuwa na haya, wakuu. Si zile haya za adabu ambazo wazee husifia. Zangu zilikuwa ugonjwa. Mteja akiingia, najifanya natafuta kitu kilichoanguka chini ya meza, na huko chini nakaa mpaka Ami aje. Kuna bi mmoja alifuata stovu yake mara tatu, na mara zote tatu akarudi akiamini karakana haina mtu. Nilikuwepo. Nilikuwa naviona viatu vyake.

Basi siku ya Jumatatu mtu wa mashua akaleta habari kwamba kule Mokowe, ng'ambo ya bara, kuna gari la wazungu lenye nyumba ndani yake, na pampu yake ya maji ina matatizo. Wanataka fundi.

Ami alikuwa ameifungua injini ya boti vipande vipande, na mwenye boti amekaa mbele yake anavihesabu. Hakuweza kuinuka.

"Enda wewe," akaniambia.

Nikamwambia gari silijui. Kisiwani kwetu hatukuwa na magari ya kujifunzia. Nilikuwa nimepanda gari mara mbili tu, na mara ya pili nilitapika.

"Gari hukuitiwa. Umeitiwa pampu. Ya stovu waijua, ya karabai waijua. Hii ya mai ndiyo itakayokula?"

Nikachukua mfuko wa spana, nikavuka.

Gari lilikuwa limeegeshwa karibu na gati. Nje kama lori dogo, ndani vitanda viwili, jiko, meza ya kukunja, na beseni lenye bomba. Unabonyeza swichi, pampu ya umeme inavuta maji kutoka tangi lililo chini ya benchi, bombani yanatoka. Mimi niliyekua nikichota kwa kata, nilisimama mdomo wazi.

Hapo kulikuwa na watu watatu. Mzungu mzima wa makamo, mkewe, na Bwana Kilonzo, Mkamba kutoka Machakos, mpishi wao na dereva wao. Yule mzungu nitamwita Bwana Mkubwa kwa sababu Kilonzo alimwita hivyo akiwepo. Asipokuwepo alimwita jina jingine ambalo moderator atalifuta.

Bwana Mkubwa akabonyeza swichi nisikie.

Wakuu, kelele ile! Kama mtu anatikisa kokoto ndani ya debe, na wewe kichwa chako kimo ndani ya debe.

"Wewe nasikia?" akaniuliza kwa Kiswahili chao kile cha mashambani. "Memsahib hapana lala tangu Malindi. Mimi nakunywa maji kidogo, yeye naamka, nakasirika."

Nikaitikia kwa kichwa.

Kisha akamgeukia Kilonzo. "Wewe naweka maji chafu, wewe naharibu pump. Sisi nakwenda Kiwayu, narudi Ijumaa. Kama kelele bado iko, wewe panda bus, rudi kwenu. Mimi natafuta mtu ingine."

Wakashuka kwenye boti yao, wakaenda zao Kiwayu.

Kilonzo akakaa kwenye ngazi ya gari. Alikuwa mtu mnene, mcheshi kwa sura, lakini siku ile hakucheka.

"Miaka sita nimefanya na huyu mzee," akasema. "Watoto watatu wako shule. Leo kazi yangu imekuwa ndani ya hiyo pump. Na pump iko mkononi mwako, fundi, na wewe hata salamu yangu hujaitika."

Ni kweli. Alinisalimia nilipofika, na mimi nikaangalia bahari.

Sasa yule kijana mwenye campervan, hapa ndipo pako, tega sikio.

Pampu yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa imefungwa kwa skurubu moja kwa moja kwenye ubao mwembamba wa kabati, kwa hiyo ubao ulikuwa unafanya kazi ya ngoma. Halafu bomba lake lilikuwa la shaba, gumu, linagusa ukuta wa kabati sehemu mbili. Kila pampu ikitetemeka, nyumba nzima inatetemeka nayo.

Dawa yake ni mpira. Vipande vinne vya mpira chini ya miguu ya pampu, na kipande cha bomba la mpira kati ya pampu na lile la shaba, ili mtetemo ufie hapo.

Bomba la mpira nilikuwa nalo mfukoni. Mpira wa kukata sikuwa nao. Chini ya gari la yule mzungu kulikuwa na rundo la vipande vya tairi, na mtu wa kumwomba alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipo. Sikuthubutu. Nikavua kiatu changu cha tairi, nikakikata vipande vinne.

Siku hiyo nilirudi Lamu na kiatu kimoja.

Jambo jingine, na hili mlishike. Kwenye mdomo wa bomba linalovuta maji kutoka tangini kulikuwa na chujio la waya. Lilikuwa limeziba kwa kutu, na pampu ilikuwa inavuta kwa shida. Nikalitoa nilisafishe, likachanika. Nikalitia mfukoni nikisema kesho nitaleta jingine. Kilonzo sikumwambia.

Nikafunga kila kitu, nikabonyeza swichi. Kelele imekwisha, umebaki mvumo tu. Kilonzo akabonyeza mwenyewe, akabonyeza tena, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Fundi! Wewe ni mtu!"

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa wa uzi huu.

Lakini nilikuwa nimechungulia ndani ya tangi. Nikaona viluwiluwi vya mbu vinacheza juu ya maji.

Hapa niwaeleze wa bara. Kwetu Lamu kila nyumba ya zamani ina birika la maji chooni, la kujengwa kwa chokaa, na ndani ya birika tunafuga samaki wadogo. Kazi yao ni kula viluwiluwi. Birika lisilo na samaki ni aibu ya mwenye nyumba. Mgeni akiingia kuoga akakuta vile visamaki vinakimbizana, anajua hapa pana watu wasafi.

Kwa hiyo mimi, kwa akili yangu ya miaka kumi na tisa, nikaona kwamba wageni hawa wametoka mbali na tangi lao halina samaki. Hakuna aliyewafundisha, masikini.

Jumanne asubuhi nikaingia chooni kwa bibi yangu, nikachota samaki wake kwa kikombe, nikawatia kwenye mkebe wa samli wenye maji, nikavuka nao. Ndani ya mashua niliukumbatia ule mkebe kama mtu aliyebeba posa.

Nilipofika Kilonzo alikuwa amekwenda kununua makaa. Nikafungua kifuniko cha tangi, nikawamimina. Wakazama. Nikafunga. Nikajiona mwungwana kabisa.

Kilonzo akarudi, akanikuta nimekaa kwenye ngazi.

"Umefuata nini leo?"

"Kuangalia," nikasema.

Neno moja hilo. Ningeongeza la pili, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Na chujio? Nilikumbuka samaki, nikasahau chujio.

(Nimepumzika hapa. Kidole kimekufa ganzi. Naendelea.)

Jumatano nikaitwa. Mtu wa mashua akasema, "Yule Mkamba anakutaka, na hakukutaja kwa wema."

Nikakuta pampu imeanza kelele mpya. Sasa ilikuwa inakwaruza, inakoroma, inakwama, kisha inaruka kama kwikwi. Maji yanatoka kwa kutema.

Je, niliwaza samaki? Wakuu, hata kidogo. Samaki kwangu walikuwa usafi. Usafi unaharibuje kitu? Nikaamini mipira yangu haitoshi.

Nikaongeza. Nikaweka makumbi ya nazi chini ya pampu. Ikaendelea. Nikaizungushia gunia. Ikaendelea. Nikachukua mto wa sufi nilioona kitandani, sijui wa nani, nikaukandamiza juu yake, nikaufunga kwa kamba kila upande.

Kilonzo alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria mkononi.

"Wewe ni fundi au mkunga?" akaniuliza. "Hiyo ni pump au umezalisha mtoto?"

Nikakaza kamba.

"Mpe jina basi. Tumtahiri."

Kelele ikapungua kweli. Nikafurahi. Baada ya dakika kumi tukasikia harufu ya moto. Nikaifungua ile pampu haraka nguo kwa nguo, ina joto la pasi, na mto umeungua katikati shimo la ukubwa wa sahani. Ulikuwa mto wa Memsahib.

Nikarudi nyumbani. Ami akaniuliza kazi ikoje, nikasema "inakwenda". Kwenda wapi, hakuuliza.

Alhamisi nikaenda bila kuitwa. Nikamkuta Kilonzo amekaa mbele ya kikombe cha chai, hanywi, anakiangalia tu kama mtu anayeangalia nyoka.

"Fundi. Njoo uone hii maneno."

Ndani ya chai kulikuwa na mkia wa samaki.

"Nimefungulia maji bombani, nimechemsha, nimemimina. Samaki! Samaki ndani ya chai yangu! Mimi samaki hata kwa sahani sili. Kwetu samaki ni nyoka tu amevaa mapezi."

Hapo ndipo nilipoelewa.

"Ni hicho kisima chenu nilichojazia tangi," akasema Kilonzo. "Hicho kisima kiko na mambo. Nimechota maji kwa mikono yangu, nimeona maji safi. Sasa hii imetoka wapi?"

Wakuu, hapo palitakiwa maneno matatu tu. *Ni mimi niliyewatia.* Nikayapanga kichwani. Nikayahesabu. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Tufungue pampu."

Tukaifungua. Vali ya pampu ile ilikuwa ulimi mdogo wa mpira unaofunguka na kufunga, na chini ya ulimi ule alikuwa amenasa samaki, nusu ndani nusu nje. Ndiye aliyekuwa anakoroma. Tukamwaga tangi lote, wakatoka wenzake, wengine wazima kabisa wanaruka. Nikawaweka kwenye beseni la maji, kwa sababu walikuwa wa bibi.

Kilonzo akaenda kisimani na ndoo, akachota mara tatu, akachungulia kila mara. Akarudi anatikisa kichwa. Akaanza kuniambia kwamba yeye ni Mkristo, haamini majini, lakini kisima hiki kinamfanya afikirie upya. Na mimi nilikuwa namsikiliza, mikono imelowa, nimeshika samaki wa nyumbani kwetu mmoja mmoja.

Hilo ndilo ninalolionea aibu mpaka leo. Kuwatia samaki ilikuwa ujinga. Lakini kumwacha mtu mzima anachungulia kisima, hilo halina jina zuri.

Bado tumeinama hapo, boti ikaja. Bwana Mkubwa na mkewe. Wamerudi siku moja kabla, jua la Kiwayu lilikuwa limemuunguza yule mama mabega.

Hebu oneni alichokiona Bwana Mkubwa. Pampu vipande vipande juu ya gunia. Tangi tupu. Mto wenye tundu. Makumbi ya nazi kila mahali. Na katikati, beseni la samaki.

Akaliinamia lile beseni.

"Kilonzo," akasema taratibu. "Wewe nafuga samaki ndani ya maji yangu?"

"Bwana, mimi sijui! Imetoka kisimani!"

"Samaki hapana toka kisima. Kesho iko bus. Wewe pakia vitu yako."

Kilonzo akaniangalia. Hakuniangalia kwa kunishuku, ningependelea hivyo. Aliniangalia kama shahidi wake. Kwamba wewe ulikuwepo, wewe unajua sikufanya kitu, mwambie.

Nikaangalia bahari.

Kisha nikaokota mfuko wangu na lile beseni, nikapanda mashua nikarudi Lamu. Ndiyo, mnitukane. Nimesubiri miaka mingi mtu anitukane kwa hili, jisikieni huru.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa amesimama mlangoni pa choo.

"Ndoo hapa," akaniita, yaani njoo. "Samaki wangu wa birika wako wapi? Tangu juzi naoga na viluwiluwi."

Nikamwonyesha beseni. Kwa bibi haya zilikuwa hazinishiki sana, nikamweleza yote, tangi, chai, Kilonzo, basi la kesho.

Bibi akawarudisha samaki birikani. Akahesabu waliopungua. Nikadhani atanipigia hao.

"Huyo bwana ana wana?"

"Watatu."

"Na wewe una ulimi?"

Nikaangalia samaki.

"Basi kesho mashua ya kwanza. Ukirudi hujanena, usinirudie hapa."

Akaingia jikoni, akatoka na chujio lake la chai la waya, akanitupia. "Na hili kalitie palipotakiwa."

Ijumaa mashua ya kwanza ilichelewa, nahodha anasubiri abiria, na mimi siwezi kumwambia nina haraka kwa sababu sijazoea kuongea na manahodha. Tulipofika Mokowe basi limeshawasha injini. Utingo yuko juu anafunga mizigo. Kilonzo namwona dirishani, amevaa koti lake, uso umeangalia mbele.

Nikakimbia kwenye gari la kulala. Bwana Mkubwa alikuwa amepiga magoti kabatini anajaribu kuunganisha pampu mwenyewe, amechafuka, amekasirika, amezidi kuwa mwekundu.

"Samaki," nikasema.

"Nini samaki?"

Basi, koo likafunga. Nawaambia lilifunga kweli, kama vali ile. Hewa inaingia, neno halitoki. Yule mzee ananiangalia, jasho linanitiririka, basi kule linapiga honi.

Nikatia mkono kwenye mfuko wa spana, nikatoa karatasi ya msasa na penseli ya Ami. Nikaigeuza upande wa nyuma, nikaandika.

Nimewaambia mwendo wangu wa kuandika. Wakati ule ulikuwa mbaya kuliko sasa. Bwana Mkubwa alisimama juu yangu anasubiri herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayesubiri maji yadondoke. Honi ikapigwa mara ya pili nikiwa kwenye "samaki". Penseli ikakatika. Nikaichonga kwa bisibisi.

Niliandika hivi:

*Samaki ni wa bibi yangu. Nilitia mimi. Kwetu ni usafi. Kilonzo hajui. Chujio pia nilitoa mimi. Na mto.*

Hiyo "na mto" sikulazimika kuiandika, lakini nilikuwa nimeshaanza kukiri, nikaona nimalize.

Akasoma kwa sauti, polepole. Kiswahili cha kusoma kilikuwa kinamtoka kama mimi kinavyonitoka cha kuandika. Mkewe akaja, akaisoma begani kwake, akamaliza kabla yake. Akamwambia maneno kwa Kiingereza, mengi, ya haraka. Mimi Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, lakini nilishika hili: kwamba jana hakuna aliyemuuliza Kilonzo kitu.

Bwana Mkubwa akaishika ile karatasi akaenda nayo kwenye basi. Nikamfuata nyuma.

Akasimama chini ya dirisha. "Kilonzo. Shuka."

Kilonzo hakugeuka. "Kufanya nini, Bwana?"

"Huyu fundi nasema samaki yake. Wewe hapana kosa."

Sasa Kilonzo akageuka. Akaniangalia mimi kwanza. Kisha akamwangalia yeye.

"Jana uliniuliza?"

Mzee akaigeuza ile karatasi mkononi.

"Miaka sita, Bwana. Uliona samaki, ukaona Kilonzo, ukamaliza. Kuuliza ni maneno mangapi?"

Basi zima linasikiliza. Hata aliyekuwa anagombania kiti ameacha.

"Mimi nakosa," akasema Bwana Mkubwa.

"Sijasikia vizuri. Hii engine ina kelele."

"MIMI NAKOSA!"

Utingo juu akapiga paa. "Mzee, ushuke au twende, watu wana safari!"

"Sanduku langu liko juu," Kilonzo akasema, bado amekaa. "Mimi nimelipandisha. Wa kulishusha sitakuwa mimi."

Basi Mokowe nzima ikashuhudia yule mzungu amenyoosha mikono, utingo anamteremshia sanduku la bati, naye analipokea kichwani. Akalibeba mpaka kwenye gari lake. Kilonzo akashuka nyuma yake mikono mitupu, anatembea taratibu, anasalimia watu.

Mimi nilibebeshwa godoro.

Tulipofika sikungoja kuambiwa. Nikaondoa makumbi yote, nikatupa gunia, nikabakiza vile vipande vinne vya kiatu. Nikasafisha vali, nikakata waya wa chujio la bibi nikaufunga kwenye mdomo wa bomba. Tukajaza tangi, viluwiluwi tukavichuja kwa kitambaa. Kumbe hata hiyo njia ilikuwepo.

Kilonzo akabonyeza swichi. Maji yakatoka, mvumo ule mdogo tu. Akanawa mikono, akaendelea kunawa, anasikiliza.

"Imenyamaza," nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsemesha bila kuulizwa.

"Naona." Akafunga maji. "Wewe unaitwa nani?"

Nikashtuka. Siku tano tumekaa kabati moja, ameninunulia mkate, ameniita fundi, ameniita mkunga, na jina langu nilikuwa sijampa.

Nikamwambia jina langu.

"Sijasikia."

Nikarudia.

"Bado."

Nikalitamka kwa nguvu mpaka Memsahib akachungulia dirishani.

"Haya," akasema Kilonzo, akawasha jiko. "Sasa kaa chini. Unywe chai."

Tukanywa.

Sasa, mwenye campervan, kwako kijana: weka mpira chini ya pampu, weka bomba laini, usiruhusu bomba lolote liguse ukuta, na angalia chujio kabla ya kuanza kuifunika nguo. Pampu inayopiga kelele mara nyingi inakuambia kitu kimeingia. Ukiiziba mdomo itaungua, na mto wa watu utaungua nayo.

Na kwa sisi wenye haya: tunajidanganya kwamba anayenyamaza hamuumizi mtu. Mimi nilinyamaza siku nne na mwenzangu akapanda basi. Ukishindwa kusema, andika, hata kama ni nyuma ya msasa, hata kama unaandika kama mimi.

Jina langu humu silitaji, nyie mna ID zenu nami nina yangu. Lakini siku ile lilisikika mpaka gatini.

Mwenye la kunisuta anisute, mwenye pampu inayokoroma aulize. Na kama kuna aliyewahi kumwacha mtu abebe kosa lake, basi aandike hapa chini ilikuwaje. Nitamjibu kila mmoja. Mnipe muda tu, kidole ni hiki hiki.